G ya Duka la Magodoro

Mdogo wake alipoingia na pakiti ya unga mkononi, Mama Ngazi alikuwa amejilaza kwenye kochi, miguu juu ya stuli, kitambaa kibichi usoni. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule usio na maelezo ya kumpa daktari, uliomwingia miaka sita nyuma alipofunga karakana yake na ambao haukutoka tena.

"Dada, amka uone."

"Nimeamka."

"Mbona umefumba macho?"

"Nimeamka na macho nimefumba. Sema."

Mtaani mdogo wake walimwita Redio, na walipoitaja hiyo redio waliongeza kwamba haina kitufe cha kuzimia. Alikuwa mkunga mstaafu. Baada ya mazishi ya shemeji yake alihamia kwa dada yake akisema atakaa wiki mbili, na sasa mapazia yote ya nyumba yalikuwa ya kuchagua yeye. Akakiondoa kile kitambaa, akaiweka pakiti mbele ya pua ya mwenzake.

"Huu si mwandiko wako?"

UNGA WA NGANO, pakiti ilisema, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi upande wa kushoto chini. Mama Ngazi aliinuka akakaa. A ilikuwa na ufito wake umeshuka chini kama mkanda uliolegea kiunoni. N ilikuwa na vijiguu vidogo vilivyochongoka kwa mbele. Alizijua kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Alikuwa ameziandika kwenye kuta za vinyozi, maduka ya dawa, shule na mashine za kusaga kwa miaka thelathini na minne, brashi moja mkono wa kulia, fimbo ya kuegemeza mkono huo upande wa kushoto. Ila alipofika kwenye G, macho yake yaligoma kusonga mbele. Aliitazama, akaigeuza pakiti akailaza kifudifudi mezani.

"Herufi ni za watu wote," alisema, akajilaza tena.

"Za watu wote! Huu ni mwandiko wako, dada, hata kipofu angekwambia."

"Basi mwambie kipofu apike chapati, huo unga umeshaununua."

Lakini tangu siku hiyo hazikumwacha. Alizikuta kwenye tangazo la zahanati kuhusu chanjo. Alizikuta kwenye benchi la kituo cha basi, kwenye mlango wa saluni mpya, kwenye kioo cha simu ya Redio zikitangaza bima. Mashine ndizo zilizomwondoa kazini: mabango ya plastiki yaliyotoka yamekamilika asubuhi, bei poa, herufi zote zimenyooka kama maiti. Sasa mashine hizohizo zilikuwa zinaandika kwa mkono wake. Ilikuwa kama kusikia sauti yako ikizungumza kwenye chumba ambacho hujawahi kuingia. Na kila mahali, katikati ya herufi zake, palikuwa na ile G, tumbo mbele, mdomo wazi, ikimkodolea.

Hakumwambia Redio kwamba ni hiyo moja tu iliyokuwa ikimkosesha raha.

Redio naye hakungoja kuambiwa. Aliwapigia simu watu wa unga. Wakamrusha kutoka ofisi hadi ofisi mpaka mtu mmoja, labda kwa kutaka kupumua, akampa anwani ya waliochora pakiti. Jumatatu asubuhi akamvisha dada yake viatu karibu kwa nguvu.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa mbovu. Mama Ngazi alipumzika kila ngazi zilipokata kona, ameshika ukuta, huku Redio akimsimulia historia ya magoti ya ukoo wao mzima. Walipofika juu, dada wa mapokezi aliwatazama wote wawili.

"Mna miadi?"

"Tuna herufi," Redio alisema. "Miadi hatuna."

Aliyetoka kuwapokea alikuwa mwanamume wa makamo, shati limechomekwa upande mmoja, kifundo cha mkono kimefungwa bandeji ya kunyoosha mishipa. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa jikoni kwenye moshi. Aliwakaribisha chumbani kwake, akajitia dawa ya matone machoni bila aibu, akasema ndiye aliyezitengeneza zile herufi. Tangu hapo Redio alimwita Bwana Macho, na kwa kuwa alimwita hivyo mbele yake, jina lilishika.

Ukuta mmoja wa chumba ulijaa picha. Mama Ngazi alisogea. Kinyozi wa karibu na daraja, aliyebishana naye kuhusu rangi ya buluu. Shule ya msingi ambako nyuki walimfukuza juu ya ngazi. Duka la dawa, lililobomolewa siku nyingi. Kuta thelathini na moja, na hakuna hata moja aliyohitaji kuambiwa ni ipi.

"Nilizipiga picha kwa miaka miwili," Bwana Macho alisema. "Zinabomolewa kila siku, mama. Nikatoa herufi moja hapa, moja pale, nikazichora upya moja moja kwenye kompyuta mpaka zikawa fonti kamili. Sasa mtu yeyote akiinunua anabonyeza tu, inaandika. Watu wamechoka na herufi zinazofanana. Wanataka za zamani."

"Tulinyimwa kazi kwa sababu zilikuwa za zamani," alisema Mama Ngazi, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao.

Bwana Macho akamgeukia. "Wewe ni nani yake Mzee Ngazi? Niliuliza kila mtaa. Wote waliniambia mchoraji alikuwa Mzee Ngazi, na kwamba alishafariki."

"Kufariki alifariki. Ni mume wangu."

"Pole sana, mama. Alikuwa fundi kwelikweli."

Redio alifungua mdomo. Mama Ngazi akamgusa mkono.

"Alikuwa fundi wa ngazi," alisema. "Aliitengeneza mwenyewe, akaibeba, akaishika. Alichanganya rangi. Wenye maduka alizungumza nao yeye, kwa sababu mimi juu kule sikutaka kusumbuliwa. Kwa hiyo walimjua yeye. Aliyeandika ni mimi."

Bwana Macho alichukua bahasha mezani, akaigeuza, akampa pamoja na kalamu nene. Mama Ngazi aliandika R kwa mikwaju minne, ule mguu wake wa mbele ukiruka kama wa mtu anayevuka mtaro. Mkwaju wa mwisho ulipinda kidogo, lakini R ni R. Bwana Macho aliipeleka bahasha ukutani, akaishikilia kando ya picha ya kinyozi. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Na mimi nimeandika kwenye maelezo ya fonti kwamba mchoraji hajulikani."

"Hukukosea," alisema Redio. "Hata nyumbani hajulikani. Kutwa kalala."

Bwana Macho aliuliza maswali mengi baada ya hapo, ameshika daftari kama mwanafunzi. Alijifunzia wapi? Mama Ngazi akamweleza: baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la vitambaa, na marobota yalikuja yamepigwa chapa ya herufi kubwa zenye vivuli. Akiwa msichana alizinakili kwa mkaa kwenye sakafu ya ghala, baba yake akazifuta, akazinakili tena. Hakujua nani alizichora wala ni nchi gani.

"Kwa hiyo na wewe uliziiga," alisema Bwana Macho, na kwa mara ya kwanza uso wake ulichangamka.

"Wote tumeiga. Huenda na wa robota aliiga." Akanyoosha kidole kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa juu ya meza, herufi zote zimepangwa safu kwa safu. "Ila hiyo G si yangu. Itoe."

Bwana Macho alimtazama kama baba aliyeambiwa mtoto si wake.

"Mama, hiyo G ndiyo iliyonifanya nianze. Nilikuwa napita tu, nikaiona kwenye duka la magodoro, nikasimama katikati ya barabara. Hakuna G nyingine kama hiyo duniani. Fonti nzima nimeijenga juu yake. Hata unene wa hizi nyingine niliupima kwake."

Hapo ndipo Mama Ngazi alipoelewa kitu kilichokuwa kikimkera tangu siku ya pakiti bila kukijua. "Ndiyo maana A yangu imenenepa," alisema.

"Kidogo. Ili ziende sawa."

"Umenenepesha herufi zangu zote ili zifanane na G."

"Ndiyo, mama."

"Na G yenyewe imeandikwa na mtu ambaye hakuwa fundi."

"Nani?"

Redio alimgeukia dada yake, na jambo lisilotokea kila mwaka likatokea: akakosa la kusema.

Bwana Macho alieleza kwamba alichokwisha kukitoa hakirudishiki. Fonti ilishauzwa, iko kwenye kompyuta za watu asiowajua, na kampuni ya unga ilishachapa mifuko ya mwaka mzima. Lakini alikuwa anatengeneza toleo la pili. Kama mama atakuja kuandika G yake mwenyewe, ataiweka humo. Kisha akaongeza, kwa haya, kwamba Q na X alizibuni mwenyewe kwa sababu kwenye kuta thelathini na moja hakuziona.

"Nani angeniagiza Q?" Mama Ngazi alisema. "Niiandike kwenye duka gani?"

Alikwenda asubuhi tatu. Siku ya kwanza mkono ulimsaliti. Brashi ilijaa rangi, ikapungukiwa, ikajaa tena, na kila G ilitoka na kilema chake. Aliomba radhi, akateremka zile ghorofa tatu, akalala mpaka jioni. Siku ya pili alikumbuka kupumua: unavuta pumzi kabla ya mkunjo, unaitoa ukishuka, mkono unafuata pumzi. Siku ya tatu ikatoka. G safi, tumbo limeingia ndani, ulimi umelala mahali pake. Bwana Macho aliiingiza kwenye kompyuta, akaandika UNGA, herufi nne zikasimama kama watoto wa shule mstarini.

"Ni sahihi," alisema.

Mama Ngazi alisikia alivyolisema hilo neno. Na macho yake mwenyewe yalikuwa mazima. G ilikuwa sahihi kama shuka la hospitali lilivyo sahihi. Angeweza kusema kitu, lakini alikuwa amechoka, na kazi aliyoiomba ilikuwa imefanyika. Akavaa viatu vyake akaenda nyumbani.

Mchana huo walikuwa wanakunja nguo zilizokauka, kila mmoja ameshika ncha mbili za shuka, ndipo Redio alipouliza. Aliuliza kwa upole, sauti ambayo bila shaka aliitumia kazini na hakuwahi kuileta nyumbani.

"Ile G aliandika shemeji, sivyo?"

Mama Ngazi alivuta shuka likanyooka.

"Nilikuwa na homa," alisema. "Duka lilikuwa linafunguliwa kesho yake. Nikaandika DUKA LA MA, kizunguzungu kikanishika, akanishusha mgongoni kama mtoto, akanileta nikalala. Sikujua kwamba alirudi. Asubuhi nimekwenda kumalizia, naikuta hiyo G. Alikuwa ameiandika peke yake jioni, bila mtu wa kumshikia ngazi. Hakuwahi kuandika herufi hata moja maisha yake yote. Alitaka kunipunguzia kazi."

"Ukasema nini?"

"Pale walikuwepo mwenye duka, wapakuzi wa magodoro, wapita njia. Nikasema kwa sauti: 'Nani kakwambia ushike brashi? Kazi yako ngazi. Shika ngazi.' Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, akaja akashika ngazi. Nikaandika ODORO. G nilitaka kuifuta niirudie, mwenye duka akasema hana muda, turudi siku nyingine. Wiki tano baadaye akaanguka bafuni, hakuinuka tena."

Walikuwa wamefika katikati ya shuka, vidole vyao vinagusana.

"Katika hizo wiki tano hakununa hata siku moja," Mama Ngazi alisema. "Angenuna ningemwomba radhi. Nilikuwa nangoja anune."

Redio alilichukua shuka, akalimalizia kulikunja peke yake, akaliweka juu ya mengine. Kisha akakaa.

"Alikuja kwangu kliniki kupima presha," alisema. "Nadhani ni wiki ileile. Ananiambia, 'Shemeji, nimeandika herufi.' Namwuliza herufi gani. 'Nenda duka la magodoro ukaione, huwezi kuikosa.' Nikapita. Aliporudi mara ya pili nikamwambia, shemeji, herufi yako ina mimba ya miezi tisa, mlete nimpime. Alicheka yule mtu, dada, mpaka kipimo cha presha kikasoma uongo. Akasema, 'Dada yako kanifokea mbele za watu, na haki alikuwa nayo. Lakini ipo. Ipo palepale.'"

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza. Na tangu lini mimi nikasikilizwa humu ndani?"

Mama Ngazi alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Alimjua. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka thelathini aliwaambia wanawake kwenye uchungu "bado kidogo tu", saa sita kabla ya mtoto kutoka, na aliwaambia kwa uso mkavu huohuo. Hakuwa na njia ya kujua kama hili nalo lilikuwa "bado kidogo tu". Angeweza kumhoji: siku gani, kliniki ipi, alivaa shati gani. Alihisi uchovu ukimpanda kutoka miguuni. Akaliacha swali lipite.

"Kesho unipeleke," alisema.

"Wapi?"

"Dukani."

Ile barabara hakuwa ameikanyaga tangu mazishi. Akitaka kwenda sokoni alizunguka kwa nyuma, njia ndefu ya vumbi, akidai kwamba daktari kamshauri atembee. Sasa walikwenda moja kwa moja, Redio amemshika mkono.

Duka halikuuza magodoro tena, waliuza matairi. Ila mwenyewe hakuwa amehangaika kupaka ukuta, alitundika tu bango la plastiki mlangoni. Juu, chini ya ukingo wa paa, maandishi yalikuwa yamebaki. Au tuseme, mabaki yake. Jua la miaka sita lilikuwa limezila. DUKA LA MA ilikuwa kama doa la chai. Herufi za ODORO ulizisoma kwa kuzijua. G peke yake ilisimama nyekundu, mbichi, kama iliyoandikwa mwezi uliopita.

"Ala!" alisema Redio. "Kwa nini yenyewe haikufutika?"

Mama Ngazi alijua mara moja. Fundi hupaka rangi nyembamba, tabaka moja safi, kwa sababu rangi nzito inatiririka na kuharibu ncha. Yule hakujua. Aliitia rangi kama anavyopaka siagi mtu ambaye siagi hakuinunua yeye. Ndiyo maana tumbo lilivimba. Uzito wa rangi uliivuta chini kabla haijakauka, naye bila shaka aliifuata kwa brashi, akiirekebisha, peke yake juu ya ngazi yake, jua likizama. Alama za brashi zilionekana hata kutoka barabarani. Alikuwa ameirudia mara nyingi sana.

Mwuza matairi alitoka akawauliza kama wana gari. Redio akamwambia wana magoti mabovu, kama anayo ya ukubwa huo. Mama Ngazi hakuwasikia. Alisimama mpaka shingo ikamuuma, na machozi yalipokuja aliyaacha, hayakuwa mengi. Kisha akasema anataka kukaa, mwuza matairi akamletea tairi.

Alhamisi iliyofuata alipanda tena zile ghorofa. Bwana Macho alikuwa amelala mezani, shavu juu ya mkono wenye bandeji. Aliposhtuka alama za bandeji zilikuwa zimechapika usoni.

"Samahani, mama. Siku hizi silali vizuri."

"Sitakaa sana. Ile G uliyoitoa ukutani, irudishe."

"Na ile uliyoiandika wewe?"

"Iwepo pembeni. Anayeitaka ataichagua. Inawezekana?"

"Inawezekana." Uso wake ulianza kukunjuka, akifikiri mambo yamekwisha kwa wepesi.

"Sasa punguza unene wa herufi zangu. Zote. Zirudi zilivyokuwa."

Uso ukakunjamana upya. Alivuta kiti, akaeleza kwa uvumilivu kwamba zikirudi kwenye wembamba wake, G itaonekana kama imetoka familia nyingine. Itakuwa inasukumana na jirani zake. Mtu yeyote wa kazi hii atasema ni kosa.

"Ndivyo ilivyokuwa ukutani," alisema Mama Ngazi. "Mimi nilikuwa mwembamba, yeye mnene, tukakaa kwenye neno moja. Wewe ukanipa mwili wake. Iache G inenepe peke yake."

Bwana Macho alitazama karatasi kubwa juu ya meza yake, herufi kwa herufi, kila moja na mikunjo yake ya kurudiwa.

"Mama, hiyo ni kazi ya wiki tatu."

"Umechoka?"

"Nimechoka, mama. Sitakudanganya."

"Basi tuko wawili. Nipe hiyo Q yako niione." Akaitazama kwenye kioo. "Ina mkia wa paka aliyekanyagwa. Nipe karatasi."

Alimwandikia Q kwa dakika tano, mkia mfupi, ulionyooka, usio na maneno mengi. X pia. Hazikuwa na uhusiano na duka lolote wala siku yoyote, na mkono haukumsaliti. Kabla hajaondoka Bwana Macho alifungua yale maelezo ya fonti, akafuta sentensi ya mchoraji asiyejulikana, akauliza aandike nini badala yake.

"Andika: herufi aliandika mke. G aliandika mume."

Akampa majina yao yote mawili, yale ya kwenye vitambulisho, ambayo mtaani hakuna aliyewahi kuyatumia. Bwana Macho aliyaandika, akamgeuzia kioo ahakikishe. Mama Ngazi aliyasoma mara mbili, akarekebisha herufi moja katika jina la mumewe.

Haikuwa kazi ya wiki tatu. Ilikuwa ya wiki saba. Toleo la pili lilipotoka, watu wa unga hawakubadilisha kitu, mifuko yao iliendelea na herufi zilizonenepa. Zahanati ilitumia jipya, na saluni pia. Wengine waliichagua G ya pembeni, ile safi, na Redio alipoiona mahali alikuwa anaguna kwa sauti mpaka watu wanageuka. Mwandishi mmoja wa gazeti alitaka kuja nyumbani kumpiga picha Mama Ngazi akiwa juu ya ngazi. Redio alimjibu kwamba dada yake hapandi hata kitanda kirefu. Mwandishi huyo akaja hivyohivyo, akampiga picha amekaa, na habari yenyewe haikuchapwa.

Uchovu wa Mama Ngazi haukwisha. Aliendelea kulala mchana, kitambaa usoni, miguu juu ya stuli. Lakini kwenda sokoni alipita barabara fupi.

Mwisho wa mwezi Bwana Macho aliwaletea karatasi iliyochapwa, kubwa kama shuka la mtoto, herufi zote kuanzia A hadi Z, kubwa na ndogo, pamoja na tarakimu. Hakuingia ndani, alisema ana kazi nyingine inamsubiri, macho yake mekundu vilevile. Redio aliitandika karatasi mezani, akaikandamiza pembe nne kwa vikombe. Mama Ngazi alivaa miwani. Alianza juu kushoto, akashuka taratibu, kidole hakigusi karatasi. Kwenye G alikaa kidogo, akaendelea. Alipofika chini alirudi safu mbili nyuma.

"Hii S imeinama," alisema.

Redio alileta uso karibu. "Iko wapi? Mimi naiona imesimama."

"Imeinama nyuma. Unywele mmoja."

"Nimpigie?" Redio alishaishika simu.

Mama Ngazi alivua miwani, akajisugua macho kwa vidole viwili. Nje mtu alikuwa anapiga misumari.

"Mwache alale," alisema. "Tutampigia kesho."